Mwanakondoo kutafuna majani haimaanishi ameshiba

Jamani hii ya kusema "kondoo ni mnyama wa ukame, akishaanza kutafuna majani tu anajitegemea" inaua wanakondoo wengi, hasa kiangazi huku Longido na Kajiado. Ni kweli mwanakondoo wa wiki 2 au 3 anadokoadokoa majani, lakini anachezea tu, rumeni yake (lile tumbo kubwa la kusaga majani) bado changa na inachukua kama wiki 8 hivi kukaa sawa, kwa hiyo hadi hapo anategemea zaidi maziwa. Sasa nyasi zilizokauka zikabaki za rangi ya shaba protini inashuka, mara nyingi chini ya asilimia 7, hata mama mwenyewe hazimtoshi, maziwa yanapungua, mtoto anabaki na kitumbo kikubwa na mgongo mifupa mitupu, halafu mtu anakwambia eti huyo kanenepa!

Anza na mama: maji ya kutosha, mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) kidogo, matunda ya mgunga yaliyodondoka. Mtoto mtengee kakona kake mama asipoingia, umwekee pumba na mashudu. Urea (ile ya mbolea, ambayo wengine huchanganya kwenye chakula cha mifugo) usithubutu kumpa mtoto.