Sepsisi: damu inapoganda na kuvuja kwa wakati mmoja

Sepsisi ni hali ya hatari ambamo mwili, katika kupambana na maambukizi, huvuka mipaka hata ukaanza kuviumiza viungo vyake wenyewe. Kinga huamsha mchochota, yaani lile joto, wekundu na uvimbe tunaouona penye jipu, ila safari hii hauishii mahali pamoja. Utando wa ndani wa mishipa hujeruhiwa, mfumo wa kugandisha damu nao huamka, na mabonge madogo huziba mishipa myembamba ya figo, mapafu na ini.

Kwa kuwa mabonge hayo humaliza chembe sahani (vijichembe vya damu vinavyosaidia kuigandisha) na protini za kugandisha upesi kuliko mwili unavyozitengeneza, mgonjwa yuleyule ambaye damu yake inaganda ndani huweza kuanza kuvuja nje: penye tundu la sindano, kwenye fizi, au ukeni kwa mama aliyejifungua juzi. Katika kituo cha afya cha ngazi ya nne nchini Uganda, maabara ikiwa imefungwa usiku, mkunga anaweza kutia mililita 2 za damu katika mrija mkavu wa kioo, akaufumbata kiganjani ili upate joto, kisha baada ya dakika 4 akawa anauinamisha taratibu kila dakika. Dakika 7 zikipita damu ikiwa bado majimaji, au bonge likiwa laini na kuvunjika ovyo, kuna hitilafu ya ugandaji. Kipimo hiki hakihitaji umeme.

Tiba huanzia kwenye chanzo, si kwenye bonge: viuavijasumu vitolewe mapema, usaha ukamuliwe, mabaki ya kondo la nyuma yaondolewe. Plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu yenye protini za kugandisha, na chembe sahani huongezwa hasa kwa anayevuja damu. Chembe hizo hudumu siku chache tu ghalani, kwa hiyo ni vigumu kuzipata mbali na Kampala. Asiyevuja damu hupewa kidogo heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili kumkinga na mabonge ya miguuni.

Kuupiga mchochota wenyewe kumekuwa kugumu zaidi. Protini C iliyoamilishwa, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa matumaini kwamba ingetuliza mchochota na mgando kwa pamoja, iliondolewa sokoni mwaka 2011 baada ya jaribio jipya kuonyesha kwamba haikupunguza vifo. Haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza mchochota, imebaki, lakini kwa mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linakataa kupanda hata baada ya maji na dawa za kulipandisha.