Kinemacolor: filamu ya rangi isiyo na rangi ndani yake

Ukiushika mkanda wa Kinemacolor na kuumulika kwenye taa, huoni rangi hata chembe. Ni picha za nyeusi na nyeupe tupu. Lakini mkanda huohuo ulipopitishwa kwenye projekta yake katika ukumbi wa Palace Theatre, London, tarehe 26 Februari 1909, watu waliolipa kiingilio waliona sinema ya rangi. Rangi ilitoka wapi?

Kwanza tuelewe kwamba rangi kwenye sinema haikuanza siku hiyo. Filamu nyingi za zamani zilipakwa kwa brashi, picha moja baada ya nyingine, au mkanda mzima ulichovywa kwenye rangi moja. Ile ilikuwa rangi ya kubuni: mpakaji akitaka gauni liwe la waridi, linakuwa la waridi. Kinemacolor ilikuwa njia ya kwanza iliyofanikiwa kibiashara ambayo kamera yenyewe ndiyo iliyonasa rangi ya kitu kilichokuwa mbele yake.

Kwenye kamera kulikuwa na gurudumu lenye vichujio viwili, kimoja chekundu na kingine cha kijani. Gurudumu lilizunguka, picha moja ikapigwa kupitia nyekundu, inayofuata kupitia kijani, zikipokezana hivyo hadi mwisho wa mkanda. Chukua mtu aliyevaa koti jekundu. Kichujio chekundu kinaupitisha mwanga wa koti, kwa hiyo kwenye picha ile koti linatoka jeupe. Kichujio cha kijani kinauzuia, na kwenye picha inayofuata koti lilelile linatoka jeusi. Tofauti hiyo kati ya picha mbili jirani ndiyo kumbukumbu ya rangi.

Kwenye projekta kulikuwa na gurudumu la namna hiyohiyo, likiurudishia mwanga wekundu na ukijani wake. Picha zilipita 32 kwa sekunde, mara mbili ya mwendo wa kawaida wa wakati ule, na jicho halikupata nafasi ya kuzitenganisha. Pangaboi likishika kasi huoni mapanga, unaona duara moja. Ndivyo ilivyokuwa hapa. Mahali ambapo nyekundu na kijani zilikutana kwa nguvu sawa, mtazamaji aliona njano. Hili huwashangaza wengi, maana rangi nyekundu na ya kijani za kopo ukizichanganya unapata kitu cha rangi ya matope. Mwanga una kanuni yake. Skrini ya simu yako hutengeneza njano kwa kanuni hiyohiyo, kwa vitone vyekundu na vya kijani vinavyowaka pamoja.

Wazo lenyewe lilitoka kwa kijana Edward Turner, ambaye mwaka 1899, pamoja na Frederick Lee, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, ya njia ya rangi tatu: nyekundu, kijani na buluu. Turner alizipiga picha, wakiwemo watoto wenye maua ya alizeti, ila projekta yake ilishindwa kuzilaza picha tatu moja juu ya nyingine bila kutetereka. Alifariki mwaka 1903, hajafika miaka 30. Huwa namfikiria sana mtu huyu. Picha zake zilikuja kuonekana sawasawa mwaka 2012, baada ya makumbusho ya Bradford kuziunganisha kwa kompyuta, na rangi zilikuwamo.

Charles Urban, Mmarekani mwenye biashara ya filamu London aliyekuwa akimfadhili Turner, alimkabidhi kazi hiyo George Albert Smith wa Brighton. Smith alihangaika na rangi tatu kwa miaka kadhaa, kisha akachukua uamuzi mgumu: akaiacha buluu. Rangi mbili zilitosha kupata ngozi ya mtu, majani na vitambaa vingi. Alisajili hataza yake mwaka 1906. Mafanikio makubwa yakaja mwaka 1912, Urban alipoonyesha filamu ya Mfalme George wa Tano nchini India, iliyopigwa kwenye sherehe za Delhi za Desemba 1911. Onyesho lilichukua takriban saa mbili na nusu, na watu walijaa.

Kasoro zilikuwepo, na kubwa ilitokana na muda. Picha nyekundu na ya kijani hazikupigwa kwa wakati mmoja, hivyo farasi akikimbia, mguu ulikuwa umeshasogea kabla ya picha ya pili. Matokeo yake yalikuwa ukingo mwekundu upande mmoja na wa kijani upande wa pili. Ukumbi wa sinema nao ulilazimika kuwa na projekta maalumu, na mkanda ukaliwa mara mbili.

Lakini kilichoiangusha ni buluu ile iliyoachwa. William Friese-Greene, mvumbuzi mwenye njia yake ya rangi, aliipinga hataza ya Smith mahakamani. Jaji wa kwanza alimpa Smith ushindi. Mwaka 1914 Mahakama ya Rufani ikaupindua: hataza iliahidi rangi za asili, au zinazokaribia asili, na mfumo usioweza kutoa buluu hautimizi ahadi hiyo. Hataza ikafutwa, na Urban akapoteza ulinzi wa biashara yake yote.

Sehemu kubwa ya filamu za Kinemacolor imepotea. Zilizobaki zinaweza kudhaniwa ni filamu za kawaida, mpaka mtu atazame picha mbili zilizofuatana na kuona koti lilelile, jeupe kwenye moja, jeusi kwenye nyingine.