Karavani nayo hukaguliwa

Uingereza kuna imani ya siku nyingi kwamba karavani (nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari) au tela ya boti, kwa kuwa haidaiwi ukaguzi wa kila mwaka kama gari, hakuna wa kuigusa barabarani. Si kweli. Tela ya uzani unaozidi kilo 750, pamoja na mzigo inaoruhusiwa, lazima iwe na breki zinazofanya kazi, na polisi au wakaguzi wa DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari, wanaweza kukusimamisha hata ukiwa unaenda zako ufukweni.

Mimi ningeanza kwa kukagua kile kiwaya chembamba cha chuma kinachotoka kwenye breki ya mkono ya tela hadi kwenye gari. Tela ikichomoka, kiwaya hukaza, huvuta breki, ndipo hukatika. Wengi hukizungusha kilegelege tu kwenye tufe la chuma la kufungia tela. Kikichoropoka hapo, breki haivutwi, na tela hujiendea yenyewe.