Moyo Kwenda Mbio: Maswali Kuhusu Dhiki ya Nafsi Wakati wa Janga

Je, UVIKO-19 uliwaumiza watu wote kwa namna moja?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, wasiwasi na sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Mzigo ulikuwa wa wote, ila kila jamii iliueleza kwa lugha yake. Washona wa Zimbabwe husema *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi.

Mama alilalamika kifua kubana na moyo kwenda mbio, lakini vipimo havikuonyesha ugonjwa. Alikuwa akijisingizia?

Hasha. Hapa Malindi, pwani ya Kenya, ni wachache watakaosema "nina sonona". Wengi husema kichwa kizito, mwili hauna nguvu, usingizi hauji. Maumivu hayo ni ya kweli, kwa kuwa hofu ya muda mrefu huuweka mwili katika hali ya tahadhari, moyo ukadunda na misuli ikakaza.

Kwa nini kukatazwa mikusanyiko kulituchoma hivyo?

Kwa sababu sisi hutibu huzuni kwa kukusanyika. Mtu akifiwa, jirani huja kumhani, mikeka hutandikwa, hitima husomwa, na mfiwa haachwi peke yake hata usiku. Machi 2020 kafyu ilianza saa moja jioni, misikiti ikafungwa, na mwezi uliofuata Kaunti ya Kilifi ikazuiwa watu kuingia na kutoka, hivyo aliyefiwa na mzazi Mombasa alibaki Malindi akifuatilia maziko kwa simu. Waitalia, ambao wengi wao tunawafahamu mjini humu, walipofungiwa ndani huko kwao waliimba kutoka kwenye roshani zao; sisi tulinyimwa lile lile ambalo lingetuponya, na naamini wapo ambao msiba wao haujaisha hadi leo.

Dua inatosha?

Dua humtuliza mtu na kumpa subira, wala isidharauliwe. Lakini anayeuona ugonjwa kuwa ni ghadhabu ya Mungu juu yake huzidi kudhoofika, na huyo ahitaji shekhe au mchungaji mwenye busara pamoja na mhudumu wa afya.

Niende hospitali lini?

Huzuni au wasiwasi ukidumu wiki mbili na kukuzuia kazi, kula au kulala, nenda. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda siku hiyo hiyo, ukisindikizwa na mtu. Ukifika, usiishie kwenye kifua kubana: mweleze daktari na maziko uliyoyakosa.