Damu ya mama haitembei ndani ya mtoto

Keti kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito, iwe Pumwani au Kayole jijini Nairobi, na hutakosa kusikia kwamba damu ya mama ndiyo inayozunguka mwilini mwa mtoto. Imani hii ni ya zamani, lakini si kweli. Mtoto hutengeneza damu yake. Ndiyo maana mama wa kundi O anaweza kuzaa mtoto wa kundi A.

Damu hizi mbili zinapokaribiana ni kwenye kondo la nyuma. Hapo damu ya mama hutoka kwenye mishipa yake na kumwagika katika uwazi, ikiosha vijinyuzi vyembamba ambavyo ndani yake mna damu ya mtoto. Oksijeni na chakula hupenya ukuta wa vijinyuzi hivyo. Chembe za damu kwa kawaida hubaki kwao, ingawa chache huponyoka, hasa wakati wa kujifungua.

Sasa, damu ikitoka kwenye mshipa huganda. Mbona hapa haigandi? Kwa sababu ngozi ya vijinyuzi hivyo hubeba protini za kuzuia mgando, mojawapo ikiitwa trombomodulini. Kwingine mwilini mwa mama mambo ni kinyume: fibrinojeni, protini inayogandisha damu, huongezeka na protini S, mojawapo ya breki za mgando, hupungua. Mwili unajiandaa kuzuia damu kuvuja siku kondo litakapobanduka. (Hata hivyo, misuli ya mfuko wa uzazi ikikaza ndiyo inayofunga mishipa kwanza.)

Maandalizi hayo yana gharama: damu inaweza kuganda pasipotakiwa, kama kwenye mshipa wa mguu au mapafuni. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, nenda hospitali siku hiyohiyo.