Kupima kloramini na amonia kwenye maji ya kunywa, maswali na majibu

Stripu ya klorini (kikaratasi cha kupimia) imesoma sifuri, ina maana maji hayana dawa ya kuua vijidudu?
Hapana, usikimbilie hapo. Inawezekana mamlaka yenu ya maji inatumia kloramini, yaani klorini iliyochanganywa na amonia ili dawa idumu kwenye mabomba marefu, na stripu ya klorini huru (ile ambayo haijaungana na amonia) haiwezi kuiona vizuri. Pima klorini jumla pia, halafu toa klorini huru, kinachobaki kwa kawaida ndo kloramini. Mfano jumla 2.0, huru 0.1, basi kloramini ni kama 1.9 (vipimo vyote hapa ni miligramu kwa lita). Ukitumia vidonge vya DPD (vya kupimia, vinavyobadilisha rangi ya maji kukiwa na klorini) weka namba 1 kwanza usome ndani ya dakika moja, ukichelewa kloramini inaanza kutoa rangi na yenyewe utadanganyika, ndo uongeze namba 3 upate jumla.

Kiasi gani ni salama?
Shirika la Afya Duniani (WHO) linaweka miligramu 3 kwa lita kwa monokloramini, ile aina ya kloramini inayotumika kwenye maji ya kunywa, Marekani mwisho ni 4 kwa wastani wa mwaka. Chini ya hapo kunywa tu.

Na amonia je?
Hapa watu wanachanganyikiwa sana. Amonia kwa viwango vya kawaida vya maji haikudhuru moja kwa moja, WHO hata haijaiwekea kikomo cha afya, ila harufu yake inaanza kusikika kwenye 1.5 hivi. Tatizo ni inachokuambia. Kwenye kisima, ikipanda ghafla shuku choo, mbolea au kinyesi cha mifugo, pima na vijidudu haraka (ingawa maji ya chini sana ardhini yanaweza kuwa nayo kiasili). Kwenye bomba lenye kloramini, amonia iliyobaki inakuwa chakula cha bakteria wanaoigeuza kuwa nitraiti, dawa nayo inaisha, na nitraiti ni hatari kwa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya chupa. Halafu kumbuka vipimo vingi vya amonia vinahesabu na ile iliyo ndani ya kloramini, kwa hiyo ukiona 0.4 usishtuke kabla hujajua klorini jumla ni ngapi.

Nikichemsha au kuacha ndoo wazi usiku kucha kloramini inatoka?
Klorini ya kawaida ndio inapungua, kloramini ni ngumu, nyingi inabaki. Chujio la mkaa lenye muda wa kutosha wa maji kupita linaisaidia kutoka, ila pima tena baada ya chujio, mkaa ukichoka hautakuambia.

Nani asikubali kubahatisha?
Mwenye samaki, maana kloramini inaingia kwenye damu yao kupitia matamvua na inawaua. Na zaidi ya wote mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine: kunywa anakunywa kama wengine, lakini maji ya mashine yanakutana na damu yake na kloramini inapasua chembe nyekundu. Kikomo pale ni 0.1 tu, na yanapimwa kabla wagonjwa wa kila zamu hawajaunganishwa. Kama una ndugu anafanyiwa, muulize nesi leo wamepima saa ngapi, ni haki yako kabisa kuuliza.