Mke wa shamba wa Kiayalandi huko Marekani: yanayosemwa na yaliyokuwepo

Wengi wetu Afrika Mashariki, Muayalandi tunayemfahamu ni padri au sista. Masista wa Loreto, kwa mfano, wanafundisha wasichana Kenya tangu 1921. Yule wa Marekani tumemkuta kwenye filamu: polisi wa New York, mwenye baa Boston, kibarua wa reli. Mwanamke wa Kiayalandi aliyekuwa akikamua ng'ombe katika majimbo ya Iowa au Minnesota haonekani kabisa, na akitajwa, mara nyingi husingiziwa.

"Waayalandi walijazana mijini, shamba hawakulijua." Nusu yake ni kweli. Njaa ya Ayalandi ya 1845 hadi 1852, viazi walivyovitegemea vilipooza, iliua watu wapatao milioni moja, ikawafukuza wengine zaidi ya milioni kwenda ng'ambo, na sehemu kubwa ya waliofika Marekani waliishia mijini. Lakini maelfu walilima Wisconsin, Illinois, Iowa na Minnesota. Kanada ndiyo inayoivunja kabisa dhana hii: Ontario ya karne ya 19, Waayalandi wengi walikaa mashambani, tena wengi wao walikuwa Waprotestanti, jambo linalowashangaza wanaodhani kila Muayalandi ni Mkatoliki.

"Walishuka melini wakapewa ardhi ya bure." Sheria ya makazi ya 1862 ilitoa ekari 160 kwa ada ya dola 18 hivi, kwa sharti la kuishi hapo na kulima miaka mitano. Ardhi ilikuwa bure, ila plau, mbegu, ng'ombe wa kulimia, mbao za nyumba na chakula cha mwaka wa kwanza havikuwa bure. Ndiyo maana familia nyingi zilianza kwa kibarua cha mifereji na reli, au cha kazi za ndani mjini, zikadunduliza kwanza.

Waliorukishwa hatua hiyo waliumia. Mwaka 1880 watu wapatao 300 kutoka Connemara, maskini wa magharibi ya Ayalandi ambao wengi walizungumza Kiayalandi, walisafirishwa hadi Graceville, Minnesota, chini ya mpango wa Askofu Mkatoliki John Ireland wa kuwapeleka Waayalandi mashambani. Walifika majira ya joto, msimu wa kupanda ngano umeshapita. Mwezi Oktoba theluji ikaanguka kabla ya wakati, na majira ya baridi yaliyofuata yalikuwa ya kutisha. Baadaye wengi wao waliliacha shamba, wakahamia mji wa St. Paul.

"Alikuja kwa kumfuata mume." Hapa Waayalandi wanatofautiana na wahamiaji wengi wa Ulaya. Baada ya njaa, shamba la baba lilirithiwa na mtoto mmoja wa kiume, na mahari (huko inatoka upande wa binti) ilitosha kwa binti mmoja kama bahati ipo. Waliobaki walipanda meli peke yao, mara nyingi kwa nauli iliyotumwa na dada aliyetangulia. Wasichana kwa maelfu walifanya kazi za ndani Boston, New York na Chicago, wakituma pesa nyumbani. Kwa hiyo aliyeolewa baadaye na mkulima huenda alikuja shambani na akiba yake mwenyewe.

"Mume alilima, yeye alisaidia." Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na serikali ilichangia kuikuza. Makarani wa sensa za 1870 na 1880 waliagizwa kumwandika mwanamke asiye na kazi nyingine ya kipato kuwa "anatunza nyumba". Basi mwenye ng'ombe sita wa kukamuliwa na kuku mia akaingia daftarini hivyo hivyo.

Tuiangalie siagi tu. Alfajiri anakamua, anachuja maziwa, anayamimina kwenye mabeseni mapana na kuyaweka mahali pa baridi mpaka malai (krimu) yaelee juu. Siku ya pili anaengua malai, anayakusanya, kisha anayasuka ndani ya pipa la mbao. Yakiwa ya moto mno siagi inalegea, yakiwa ya baridi mno haitoki. Wengi walipima kwa kidole. Ikishashikana anamwaga mtindi, yaani maziwa yaliyobaki, anaiosha kwa maji ya kisimani tena na tena hadi maji yatoke safi, kwa sababu mtindi ukibaki ndani siagi inachacha. Anatia chumvi, anaikanda kwa mwiko wa mbao, anaigandamiza kwenye kalibu yenye nakshi. Mteja akiiona ile nakshi dukani anajua siagi ni ya nani.

Ujuzi huo hakuupata Marekani. Soko la siagi la Cork, kusini mwa Ayalandi, lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani karne hiyo, na siagi ile ilitoka mikononi mwa wanawake wa mashambani. Ng'ambo alibadilisha ng'ombe tu. Siagi na mayai vilimpatia chai, sukari, viatu na vitambaa kwenye daftari la duka, huku ngano ikienda kulipa deni la benki au ikiliwa na nzige, kama ilivyotokea Minnesota kati ya 1873 na 1877. Mwaka wa namna hiyo, ukiniuliza nani alikuwa anamsaidia nani, sisiti kujibu.

Halafu ikaja mashine ya kutenganisha malai, ya mwaka 1878, na viwanda vya siagi vikaenea. Kazi ya kusuka ikampungukia, ndiyo, lakini cheki ya kiwanda mara nyingi iliandikwa jina la mume.

"Hakuwa na haki yoyote juu ya ardhi." Inategemea alikuwa nani. Mjane, au msichana aliyefikisha miaka 21 bila mume, aliweza kujiandikishia ekari 160 kama mwanamume. Aliyeolewa ndiye aliyefungiwa mlango, kwani sheria ilimtaka mkuu wa kaya. Hata hivyo, katika majimbo mengi mume hakuweza kuuza shamba bila sahihi ya mkewe.

"Waliendelea kula viazi tu." Viazi havikukosekana mezani, ila sasa vililiwa pembeni ya nyama ya nguruwe, mkate wa ngano na mahindi.

"Mashine zilimpunguzia kazi." Zilimpunguzia mume. Mashine ya kupura ya mvuke ilizunguka shamba hadi shamba na kundi la wanaume kumi na tano, ishirini, na wote walikula kwa mwenye shamba. Mke na majirani zake walichinja kuku, wakaoka mikate na pai kwenye jiko la kuni katikati ya joto la Agosti, wakapeleka chai na vitafunio shambani, wakarudi kupika cha jioni. Mvua ikinyesha, kundi halikuondoka, liliendelea kula.

Umeme ndio uliochelewa kabisa. Shirika la serikali la kusambaza umeme vijijini liliundwa 1935, na wakati huo mashamba yenye umeme yalikuwa kama moja kati ya kumi. Wajukuu wa wanawake wa miaka ya 1870 bado walikuwa wakichota maji kisimani kila Jumatatu, wakiyachemsha na kufua kwa ubao. Kwenye baadhi ya mashamba hayo, trekta lilifika miaka mingi kabla ya mashine ya kufulia.